Je, wajua seli shina hunaswaje ndani ya uboho wa mnyama?

Ndani ya bakuli la supu, uboho ni mafuta tu ya kunyonya. Lakini mtazame muuza nyama anapopasua mfupa mbichi wa ndama: ndani mna uji mwekundu. Wekundu huo ni kiwanda cha damu, na humo wamo wapangaji wachache wasioshughulika na kutengeneza damu yenyewe. Hizo ni seli shina za mesenkaima (yaani tishu changa ya kiinitete inayozaa mifupa na gegedu), zenye uwezo wa kugeuka kuwa mfupa, gegedu au mafuta. Ni adimu mno: kati ya seli 10,000 hadi 100,000 za uboho, huenda ukapata moja.

Utaipataje, ikiwa chini ya hadubini haina alama yoyote ya kuitofautisha na jirani zake?

Jibu lake ni rahisi kuliko unavyodhani. Seli hizi zinanata. Zikimwagwa kwenye chombo cha plastiki, hushika sakafu yake na kukataa kutoka, ilhali seli nyingi za damu huelea.

Aliyeifungua njia hii ni mtafiti wa Kisovieti, Alexander Friedenstein, aliyefanya kazi Moscow. Mwaka 1970 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kukuza uboho wa simbilisi. Waliona seli zilizonata zikizaana na kuunda makundi madogo yaliyotengana, kama vichaka katika uwanda. Tena idadi ya makundi ilipanda sawia na idadi ya seli zilizopandwa. Maana yake kila kundi lilikuwa na mzazi mmoja. Hoja hiyo kwangu ndiyo tamu kuliko zote katika habari hii, kwani ilijengwa kwa kuhesabu tu.

Kwa panya wa maabara, baada ya mnyama kufa, hutolewa mfupa wa paja na wa muundi. Ncha hukatwa, sindano huingizwa upande mmoja, na majimaji ya lishe husukumwa hadi uboho utoke kama uzi na mfupa ubaki mweupe. Farasi au mbuzi hana haja ya kufa: hupigwa ganzi, kisha uboho hufyonzwa kwa sindano nene kutoka kidarini au nyongani, ukichanganywa na heparini usigande. Uboho huo huzungushwa kwa kasi juu ya kimiminika kizito kidogo, seli nyekundu zikazama chini, na zinazotakiwa zikabaki juu yake kama mkanda mwembamba mweupe.

Kisha seli huwekwa kwenye joto la nyuzi 37, hewa ikiwa na asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Baada ya siku moja hadi tatu majimaji humwagwa pamoja na kila kinachoelea. Zinazobaki ni ndefu, zimechongoka ncha mbili kama mtumbwi uutazamao kutoka juu.

Hapo wengi hujipongeza mapema. Makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, nazo hunata, na kwenye uboho wa panya huwa kero kubwa. Dawa yake ni kimeng'enya kiitwacho tripsini: kikiachwa kwa dakika chache, seli shina hujibandua haraka, huku makrofaji zikiendelea kung'ang'ania. Unachukua zilizoachia na kuwaachia chombo wakaidi.

Sasa uthibitishe kwamba ulichonacho ndicho. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha tiba ya seli kilitoa masharti kwa seli za binadamu: zinate kwenye plastiki, angalau asilimia 95 ziwe na alama za protini CD73, CD90 na CD105, na zisizozidi asilimia 2 ziwe na alama za seli za damu kama CD45, na maabarani ziweze kugeuka mfupa, mafuta na gegedu. Tatizo ni kwamba kingamwili za kutafutia alama hizo zilitengenezwa nyingi kwa ajili ya binadamu na panya. Ukizipeleka kwa farasi au mbuzi, baadhi hazishiki kitu, na si kwa sababu alama haipo. Ndiyo maana watafiti wa mifugo mara nyingi hupima jeni zenyewe.

Kwa hiyo mimi huliamini zaidi sharti la kugeuka. Seli hulishwa kwa wiki tatu hivi vichocheo vya mfupa, kisha hutiwa rangi ya alizarini, na kalsiamu hung'aa nyekundu. Matone ya mafuta huonekana kwa rangi nyingine nyekundu, gegedu kwa buluu. Hata hapo pawe na chombo cha pili kisichopewa kichocheo, kwa sababu seli zinazokufa nazo hukusanya kalsiamu na kukudanganya.

Jina lenyewe la “seli shina za mesenkaima” bado lina ubishi. Mtafiti Arnold Caplan wa Marekani, aliyelieneza mwaka 1991, aliomba mwaka 2017 libadilishwe, akisema kazi kubwa ya seli hizi mwilini ni kutoa ishara za kusaidia uponyaji. Madaktari wa farasi hawakungoja ubishi huo uishe: mwaka 2003 wenzao wa Uingereza walikuwa wameripoti kuchukua uboho wa farasi, kukuza seli zake, na kumchoma mwenyewe kwenye kano ya mguu iliyochanika.