Rampu ya mita moja na nusu: kwa nini tunataka sheria ya ufikivu yenye vipimo

Ukipita kwenye majengo mengi mjini siku hizi, ya serikali na ya binafsi, utakuta rampu, ule mteremko wa zege wa kupandishia kiti mwendo, na mwenye jengo atakuonyesha kwa fahari kabisa kwamba sisi hapa watu wenye ulemavu tumewazingatia. Sawa, sasa chukua tepu. Ngazi tatu za kawaida, kila moja sentimita 15, zinakupa kimo cha sentimita 45 toka chini mpaka mlangoni. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 unayopanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele, kwahiyo hizo ngazi tatu tu zinadai rampu ya mita 5 na sentimita 40. Iliyojengwa pale ina mita moja na nusu. Fundi kamwaga zege pembeni ya ngazi pale palipobaki nafasi, ikapakwa rangi, picha ikapigwa, kazi imeisha. Mtu wa kiti mwendo akijaribu kupanda mwenyewe kiti kinainuka mbele na anaanguka chali, akishuka ndo balaa zaidi maana anaserereka mpaka bodaboda zinapopita. Matokeo yake anarudi kulekule alikokuwa kabla ya rampu kujengwa, anaita vijana wawili wambebe juujuu kama mzigo, na mkoba wake umetangulia na mtu wa tatu asiyemjua.

Kazi yetu kwenye taasisi ninayofanyia kazi ni kukagua majengo na huduma tuone kama zinafikika, yaani kama mtu mwenye ulemavu anaweza kuingia na kuzitumia mwenyewe, na nikisema ukaguzi msifikirie tuna meno, hatuna. Tunapima, tunaandika ripoti, tunampa mwenye jengo, anatushukuru sana na chai tunapewa. Akitaka kuibandika ukutani sawa, akitaka kuitupa sawa pia. Ndo maana leo naandika kuhusu sheria, sio kuhusu huruma, kwa sababu huruma hapa Tanzania haijawahi kuwa shida, watu wetu wana huruma mpaka inazidi, ila huruma haijui mlango unatakiwa uwe na upana gani.

Wengi wanadhani sheria hatuna. Ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba ule yote ni ufikivu, majengo, barabara, usafiri, habari na mawasiliano. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, na kwa kweli kwa wakati ule ilikuwa hatua kubwa sana, inatambua kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya mazingira yasiyo na vikwazo. Lakini ukiifungua hiyo sheria mama kutafuta mteremko uwe wa kiasi gani, mlango sentimita ngapi, chooni kiti kigeuke wapi, hukuti. Imeandikwa kwa lugha ya haki, na haki bila kipimo fundi hawezi kuijenga, afisa wa halmashauri naye hawezi kuikagua.

Angalia sasa sehemu ambazo sheria zetu ziliweka namba. Sheria hiyohiyo ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani nayo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sisemi utekelezaji ni mzuri, malalamiko yapo mengi tu na wadau wanayajua, ila angalau mtu anaweza kusimama kwenye kikao akauliza ile asilimia 2 yetu iko wapi, na mkurugenzi akalazimika kujibu kwa hesabu. Kwenye majengo unaulizaje? Ukisema jengo halifikiki atakwambia mbona rampu ipo, si ile pale. Na ni kweli ipo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani watu hawalioni vizuri, ni Katiba. Ulemavu umetajwa kwenye ibara ya 11 ya Katiba yetu ya 1977, pale inapoongelea haki ya kufanya kazi, kujielimisha na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Soma tena, ni msaada, uzee na maradhi vimekaa pamoja, yaani mtu mwenye ulemavu kaingia humo kama mtu wa kusaidiwa. Halafu rudi nyuma ibara ya 7, ibara ndogo ya 2, utakuta masharti ya sehemu ile hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Kwahiyo hata huo msaada wenyewe huendi kuudai mahakamani kwa kutumia ibara ya 11. Wenzetu Kenya kwenye Katiba yao ya 2010 ibara ya 54 imeweka kufika sehemu zote, usafiri wa umma na habari ndani ya sura ya haki, na mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Mjadala wa katiba mpya ukirudi mezani, na utarudi, hilo vyama vya watu wenye ulemavu wasiliachie.

Ila msije mkadhani Kenya ndo peponi. Sheria yao ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 wawe wamerekebisha, na ikalipatia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu uwezo wa kutoa amri ya marekebisho, yaani wanakuja wanakuambia hapa na hapa rekebisha kwa gharama yako mpaka tarehe fulani. Ukisoma mpaka hapo unasema hii ndo yenyewe. Endelea kusoma sasa. Hospitali na shule zilikuwa hazipewi amri hiyo mpaka waziri mwenye dhamana akubali! Jamani, sehemu mbili ambazo mtu hawezi kuzikwepa maishani ndo ziliwekewa mlango wa nyuma. Mwaka 2025 wametunga sheria mpya kabisa, lakini funzo la ile ya zamani kwa anayeandika sheria ni kwamba asisome kifungu cha haki tu akafurahi, afunue mpaka kwenye vifungu vya isipokuwa, huko ndiko haki nyingi zinakofia.

Marekani nako, ambako ndo kila mtu anatolea mfano, hawakupewa. Machi 1990 watu kadhaa waliacha viti mwendo na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge mjini Washington wakapanda zile ngazi kwa kutambaa, mbele ya kamera, mmoja wao mtoto wa miaka 8, na Julai mwaka huo sheria yao ya ADA, yaani sheria ya Wamarekani wenye ulemavu, ikasainiwa. Kinachonivutia kwenye ile sheria ni kwamba raia wa kawaida aliyezuiwa na mlango anaweza kumshtaki mwenye mlango yeye mwenyewe, hangoji idara fulani ipate gari na mafuta ya kwenda kukagua. Kuna mwanaume asiyeona alishtaki kampuni kubwa ya pizza kwa sababu tovuti na programu yao ya simu havikusomeka na kisoma skrini chake, ile programu inayomsomea maandishi kwa sauti, kampuni ikagoma ikapeleka rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2019 mahakama ikakataa kuisikiliza, kesi ya yule bwana ikaendelea. Kwa pizza tu. Sisi huku mtu asiyeona anashindwa kutuma hela bila kumpa mtu mwingine namba yake ya siri.

Na hapo ndo nataka nikae kidogo, maana ufikivu watu wanauona kwenye zege tu. Zile menyu za nyota na reli kwenye simu zina muda, ukichelewa kujibu inajifunga unaanza upya, na anayesomewa skrini na simu lazima asikilize orodha yote toka namba 1 mpaka 8 ndo ajue abonyeze nini, wakati huo muda umeisha. Anajaribu mara mbili tatu, anakata tamaa, anaenda kwa wakala anamtajia namba ya siri kwa sauti mbele za watu. Akiibiwa tunasema kosa lake, alitoa namba. Kiziwi hospitalini majina yanaitwa kwa sauti, kwahiyo anakaa kwenye benchi toka asubuhi anawaangalia watu midomo, jina lake limeshapita. Akifika kwa daktari hakuna mkalimani wa lugha ya alama, kaja na mdogo wake wa miaka kumi na kitu amtafsirie, sasa fikiria ni mama mjamzito na anaulizwa maswali ya kliniki ya uzazi kupitia mdomo wa mtoto. Kubadilisha muda wa menyu sio gharama ya kutisha, ni mpangilio wa mfumo. Kuweka namba kwenye skrini nako sio roketi, benki wanafanya kila siku. Hayafanyiki kwa sababu hakuna anayelazimishwa.

Kuna watu hapa watauliza gharama. Kwa jengo jipya, likichorwa vizuri toka mwanzo, makadirio yanayotumika sana kwenye fani ni karibu asilimia 1 ya gharama ya ujenzi, na mara nyingine ni sifuri kabisa, maana mlango wa sentimita 90 badala ya 70 unapunguza tofali, hauongezi. Kinachouma ni kubomoa baadaye. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016, unaonyesha hilo vizuri, vituo vilichorwa toka mwanzo sakafu ya kituo ilingane na sakafu ya basi, na mteremko wa kuingilia, kwahiyo mtu wa kiti mwendo kituoni anaingia. Msongamano ni habari nyingine, na toka nyumbani mpaka kituoni kuna mitaro iliyo wazi na mchanga, lakini kituo chenyewe kiliwezekana kwa sababu kipimo kilikuwa kwenye mchoro kabla zege haijamwagwa.

Hapo ndipo sheria mpya inatakiwa ikae, kwenye mchoro. Iseme huwezi kupata kibali cha ujenzi wa jengo la umma bila afisa kupitisha vipimo vya ufikivu, na jengo likiisha hupewi ruhusa ya kulitumia mpaka mtu amekuja na tepu. Mbona Zimamoto wanaweza? Wenye majengo wanawaogopa Zimamoto, wananunua mitungi, wanachora mishale ya kutokea, kwa sababu wanajua mkaguzi atakuja na kuna cheti. Kwahiyo hoja ya kwamba halmashauri zetu haziwezi kukagua siikubali hata kidogo. Wanaokagua waelezwe wakague na hili, na faini iwe kwa kila siku jengo linapoendelea kuzuia watu, maana faini ya mara moja mtu mwenye ghorofa analipa kisha anaendelea na maisha yake. Majengo ya zamani yapewe muda unaoeleweka, wenye tarehe, kwa kuanza na zahanati, shule, mahakama na ofisi za kata. Na hospitali zisipewe msamaha wa waziri yeyote.

Halafu kwenye timu ya ukaguzi awepo mtu mwenye ulemavu, na alipwe kama mkaguzi, sio posho ya nauli. Kuna vyoo tumekuta vimekamilika kwa vipimo vyote, vyuma vya kushikilia vipo, nafasi ya mita 1 na nusu ya kugeuza kiti ipo, ila mlango umefungwa kufuli na ndani kumejaa mafagio na ndoo za usafi, ufunguo anao mama usafi na leo hayupo. Mtu anayehitaji hicho choo hawezi kukisahau kwenye ripoti, mwenye afya ya miguu anakipita.

Wakati tunasubiri Bunge, sheria ya 2010 ilianzisha kamati za watu wenye ulemavu toka ngazi ya kijiji na mtaa, kata, halmashauri mpaka mkoa, na watu wengi hata hawajui kamati ya mtaa wao ina nani. Ulizia kwa mwenyekiti au mtendaji. Ukikuta jengo la umma halifikiki usiandike barua ya kulalamika kwa ujumla, pima. Kimo cha ngazi kiasi gani, urefu wa rampu kiasi gani, mlango upana gani, piga picha ukiwa umeweka tepu ionekane, andika kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa kamati, na usipojibiwa peleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wao wanapokea malalamiko. Barua yenye sentimita ndani yake ni ngumu sana kujibiwa na "suala lako linafanyiwa kazi". Na nakala moja mpe mbunge wako, akisimama kuchangia awe na namba za kutaja.