Je, lemuri "ameendelea" kuliko mmea wa Marchantia?

Wengi huamini kuwa lemuri mkia-pete, mnyama wa Madagaska mwenye undugu na kima na aliye hatarini kutoweka, ameendelea kuliko Marchantia polymorpha, mmea bapa usio na maua unaoota penye unyevu sehemu nyingi duniani. Lakini mageuzi ya viumbe si ngazi. Viumbe hawa wana asili moja ya kale, na tangu watengane wamebadilika kwa muda uleule.

Mmea huo hauna mizizi halisi, ila una vikombe vidogo vinavyoonekana kwa macho. Tone la mvua hurusha vijichipukizi vilivyomo, vikaota. Lemuri kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. "Maendeleo" hayakumwokoa na hatari ya kutoweka.

Ukiona mchoro wa ukoo wa viumbe, fuata matawi hadi yanapokutana. Usijali nani kachorwa juu: matawi yakigeuzwa kwenye kiungo, ukoo haubadiliki.