Eneo la straiki ni nini, na kwa nini linakutoa kila mara

"Anko, sijagusa mpira hata kidogo. Mbona wananiandikia straiki?"

Tulikuwa kwenye matatu ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu, Salgaa tumeshaiacha nyuma, na mpwa wangu kaiinamia PSP, kile kidude cha gemu cha mkononi, iliyotumika niliyompatia. Ndani yake kulikuwa na gemu moja tu, ya besiboli, mchezo ambao hajawahi kuuona ukichezwa. Straiki aliyoijua yeye ni ile ya walimu.

Straiki ya besiboli ni mpira uliofaa kupigwa. Ukiuacha upite, unahesabiwa. Ukiuzungushia gongo ukaukosa, unahesabiwa pia, hata kama ulikuwa mbali kabisa. Zikifika tatu, unatoka. Mpira uliopita pabaya, nawe ukatulia, huitwa boli, na boli nne zinakupa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bure, unaenda ukitembea. Kwa hiyo kabla hujajiuliza utaupigaje mpira, jiulize kama ni wa kupigwa. Hapo ndipo penye eneo la straiki.

Ni kisanduku cha hewani. Upana wake ni ule wa kibao cheupe kilicholazwa chini kando ya mpigaji, inchi 17, yaani kama sentimita 43. Urefu wake hupimwa kwenye mwili wa mpigaji mwenyewe: kuanzia chini kidogo ya pia ya goti hadi nusu ya njia kati ya mabega na kiuno cha suruali. Mpira ukigusa ukingo tu wa kisanduku hicho, ni straiki. Na kwa kuwa kipimo ni mwili, mtu mfupi ana kisanduku kifupi. Mwaka 1951 timu ya St. Louis Browns ilimwingiza uwanjani Eddie Gaedel, mwenye kimo cha futi 3 na inchi 7, jezi yake ikiwa na namba 1/8. Aliagizwa asithubutu kupiga. Mrushaji wa timu pinzani, Detroit, akarusha mara nne, boli nne, na Gaedel akaenda zake besi ya kwanza. Mpwa wangu alicheka mpaka kondakta akageuka.

Kosa la mtoto huyu ni la karibu kila anayeanza: anabonyeza kitufe kwa kila mpira. Simlaumu. Amekulia Kondele, Kisumu, akicheza kati, ule mchezo wa kurushiwa mpira ukiwa katikati, na humo kila mpira unaorushwa lazima ufanye jambo, ukwepe au uudake. Hapa kusimama tu ni kazi. Nikampa sharti: mipira kumi usiguse kitufe, niambie tu kila mmoja umepitia wapi. Alinuna, lakini tukikaribia Londiani alikuwa anasema "nje, nje, ndani, chini" kabla mwamuzi wa kwenye gemu hajatamka.

Tatizo la pili ni wakati. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwenye kibao. Kwa hesabu ya haraka, mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika baada ya sekunde 0.44 hivi, na wa kilomita 130 baada ya 0.51. Tofauti yake haifiki hata sekunde 0.1, lakini inatosha gongo lako kupita mbele ya mpira kama mtu aliyefika stendi kabla ya gari. Kama gemu yako inaruhusu kupunguza kasi ya mirusho, ipunguze bila aibu. Na usijaribu kupiga mpira wakati matatu iko juu ya matuta.

Sasa geuza upande, uwe mrushaji. Anayeogopa boli hulenga katikati ya kisanduku, na katikati ndipo mipira inapopigiwa ikapotelea kwa mashabiki. Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa Marekani ambaye mwaka 1941 alimaliza msimu na wastani wa 0.406, yaani alifanikiwa kupiga karibu mara nne kati ya kumi, aliligawa eneo la straiki katika duara 77 za ukubwa wa mpira, akakadiria angepiga kwa wastani gani kila mahali. Katikati alijipa 0.400. Kona ya chini ya upande wa nje, 0.230. Ni mtu yuleyule na gongo lilelile. Basi kaa kwenye kona. Halafu jifunze mrusho unaoanza kama unaingia ndani ya kisanduku kisha unapinda kutoka. Mpigaji anaona straiki, anazungusha gongo, mpira haupo. Baada ya miwili ya kasi, tuma wa polepole. Wa rika langu wanaofuatilia kriketi wanakumbuka mwaka 2003 Collins Obuya alivyowaangusha Sri Lanka kwa mipira ya kuzunguka isiyo na haraka yoyote, wiketi tano, yaani wapigaji watano nje, kwa mikimbio 24. Kasi si kila kitu.

Kuna namba mbili ndogo pembeni ya kioo ambazo wengi hawaziangalii: boli ngapi, straiki ngapi. Zikiwa boli tatu kwa straiki moja, mrushaji amebanwa, kwani boli moja zaidi inakupeleka besi. Lazima aje ndani ya kisanduku, na mara nyingi atakuja na mpira wa kasi. Chagua robo moja ya kisanduku unayoipenda, ungojee hapo. Mpira ukija kwingine, uache, bado una nafasi. Zikiwa straiki mbili, uchaguzi umekwisha. Chochote kinachokaribia ukingo kiguse, hata kitoke nje ya mstari wa pembeni wa uwanja, maana mpira uliotoka nje ya mstari hauhesabiwi straiki ya tatu, ukiondoa ule uliougusa kidogo kwa makusudi, gongo likiwa limeshikiliwa tu bila kuzungushwa.

Karibu na Ahero nilichungulia. Boli tatu, straiki moja. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, kimekakamaa. Mpira ukaja chini, ukazidi kushuka, ukapita usawa wa muundi. Kidole hakikusogea. Kijana wake wa kwenye kioo akaliachia gongo akaanza kutembea taratibu kuelekea besi ya kwanza, na mpwa wangu akapiga ukelele, mama wa kiti cha mbele akauliza kama kuna goli.