Kodi ya kifo: jina, mkulima na hesabu ya bei ya msingi

Serikali kuu ya Marekani imekuwa ikitoza kodi ya mirathi tangu mwaka 1916. Mtu akifariki mwaka 2026, dola milioni 15 za kwanza katika alichokiacha haziguswi. Mume na mke kwa pamoja wanaweza kukinga milioni 30. Tangu kizingiti kilipopandishwa mwaka 2018, mirathi inayolipa chochote haifiki hata miwili katika kila vifo elfu moja. Hata hivyo, kodi hii inachukiwa na watu wengi ambao mali yao yote haitoshi kununua nyumba.

Mtu angeweza kudhani kwamba wanaipinga kwa sababu wanaridhika na pengo la utajiri. Sivyo. Mwaka 2011 Michael Norton na Dan Ariely walichapisha utafiti uliowauliza Wamarekani maswali mawili: sehemu ya tano ya watu walio juu kabisa inamiliki kiasi gani cha utajiri wa nchi, na ingefaa imiliki kiasi gani. Waliohojiwa walikadiria asilimia 59 na wakasema ingefaa iwe 32. Hali halisi wakati huo ilikuwa karibu asilimia 84. Leo nusu ya chini ya kaya za Marekani ina takriban asilimia 2.5 tu ya utajiri wote wa kaya. Kwa hiyo wananchi wanataka mgawanyo ulio sawa zaidi kuliko walio nao, na papo hapo wanaunga mkono kufutwa kwa kodi inayogusa urithi mkubwa pekee. Kinachoshikilia mambo hayo mawili katika kichwa kimoja ni ujumbe wa kisiasa, na hapa nataka kuufumua kama fundi anavyofumua mshono.

Watu wengi huanza na jina. Frank Luntz, mtaalamu wa kura za maoni wa chama cha Republican, aliwahimiza wanasiasa wa chama hicho waache jina rasmi na waseme "kodi ya kifo". Jina rasmi kwa Kiingereza, "estate tax", lina harufu ya kasri na mashamba ya mabwanyenye. Kifo ni cha kila mtu. Ujanja wenyewe uko hapo: kinachotozwa kodi ni mali iliyozidi kizingiti, lakini jina linataja tukio ambalo kila msikilizaji litamfika.

Hata hivyo, naona jina hili limepewa sifa kuliko linavyostahili. Katika uchunguzi wa maoni uliofanywa Marekani mwaka 2003, kubadilisha jina kulisogeza maoni kwa asilimia chache tu. Jambo zito zaidi lilikuwa hili: karibu nusu ya waliohojiwa waliamini kwamba familia nyingi hulazimika kulipa kodi hiyo. Jina lilifungua mlango, lakini aliyeingia ndani na kukaa ni mtu mwingine, naye ni mkulima.

Ujumbe wa kulinda utajiri mkubwa mara chache humweka tajiri mbele. Humtafuta mtu anayependwa, aliye karibu na kundi linalolindwa kwa jambo moja tu, kisha humfanya awe sura ya wote. Hapa alichaguliwa mkulima anayeacha ardhi nyingi na fedha taslimu kidogo, watoto wakilazimika kuuza shamba ili kulipa kodi. Hadithi hiyo inaingia akilini kwa sababu shida ya kuwa na mali bila fedha mkononi ni ya kweli. Lakini aprili 2001, mjadala ulipopamba moto, gazeti la New York Times liliripoti kwamba shirikisho kubwa la wakulima, American Farm Bureau Federation, lililokuwa likipigania kufutwa kwa kodi hiyo, halikuweza kutaja hata shamba moja lililopotea kwa sababu yake. Kumbuka kwamba wakati huo kizingiti kilikuwa dola 675,000 tu.

Haikuwa bahati. Sheria tayari ilikuwa na milango miwili ya kumwokoa mkulima huyo. Wa kwanza unaruhusu ardhi ya kilimo ithaminiwe kwa kile inachozalisha ikilimwa, badala ya bei ambayo mjenzi wa maduka angeitoa, mradi familia iendelee kuilima. Wa pili unahusu biashara au shamba la familia linalozidi asilimia 35 ya mirathi: kodi yake inaweza kulipwa kwa kipindi kinachofika miaka 14, ambapo miaka ya mwanzo ni riba tu. Ujumbe haukuwa na haja ya kukanusha milango hii. Ulitosha usiitaje.

Juni 2000 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 279 kwa 136 kufuta kodi hiyo; Seneti ikaunga mkono Julai, na Rais Clinton akakataa kutia saini. Mwaka uliofuata George W. Bush alitia saini sheria iliyoipunguza hatua kwa hatua na kuifuta kwa mwaka mmoja tu, 2010. Mwaka huo utatufaa hapo chini.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kuchukua kiwango cha kodi hii, asilimia 40, na kukizidisha kwa mali yote. Tuseme mtu anafariki mwaka 2026 akiacha dola milioni 18. Toa madeni na gharama, milioni 1. Toa alichowaachia taasisi za hisani, milioni 1. Zinabaki 16. Toa kizingiti cha 15, inabaki milioni 1, na asilimia 40 yake ni dola 400,000. Ukigawa kwa milioni 18 za mwanzo, kodi ni kama asilimia 2.2. Kama angemwachia mke wake Mmarekani kila kitu, kodi ingekuwa sifuri kwa wakati huo, maana urithi kati ya wanandoa hauna kikomo.

Kwa wanandoa kuna mtego mmoja ambao huwanasa watu wa kawaida kuliko matajiri wenye mawakili. Kizingiti ambacho marehemu hakukitumia kinaweza kuhamia kwa mjane, lakini hakihami chenyewe. Msimamizi wa mirathi lazima awasilishe fomu ya kodi ya mirathi hata kama hakuna kodi ya kulipa. Muda wa kawaida ni miezi 9, unaweza kuongezwa miezi 6, na wale wanaowasilisha kwa ajili ya kuhamisha kizingiti tu wana utaratibu wa ahueni unaofika miaka mitano tangu kifo. Asipofanya hivyo, kizingiti kinazikwa na mwenyewe.

Jina na mkulima ni rahisi kujibiwa. Kipande cha tatu ni kigumu, na kwa maoni yangu ndicho kilichobeba mzigo wote: "Mali hii ilishakatwa kodi alipoichuma, kwa nini ikatwe tena anapokufa?" Kina nguvu kwa sababu kwa mtu wa mshahara ni kweli. Akiba yake imetoka kwenye kipato kilichokatwa kodi kila mwezi, kwa hiyo anaisikia hoja hiyo akijiangalia mwenyewe.

Utajiri mkubwa hauchumwi hivyo. Kwa sehemu kubwa ni hisa, biashara na ardhi vilivyopanda thamani, na Marekani haitozi kodi ya mapato kwa ongezeko hilo mpaka mali iuzwe. Asipouza hadi afe, sheria huipa mali hiyo bei mpya ya msingi: kwa hesabu ya kodi, mrithi anahesabiwa kana kwamba aliinunua kwa bei ya siku ya kifo. Ongezeko lote la miaka ya uhai wa marehemu linafutika.

Chukua hisa zilizonunuliwa kwa dola milioni 2 ambazo sasa ni milioni 50. Mwenyewe akiziuza akiwa hai, faida ni milioni 48, na kwa kiwango cha juu cha asilimia 23.8 (yaani 20 ya faida ya mtaji na 3.8 ya mapato ya uwekezaji) atadaiwa takriban milioni 11.4. Akifa usiku na mwanawe akaziuza asubuhi kwa bei ileile, faida ni sifuri na kodi ya mapato ni sifuri. Na kama mzee alihitaji fedha za matumizi akiwa hai, hakulazimika kuuza: alikopa benki akaweka hisa dhamana, kwani mkopo si kipato. Washauri wa matajiri wana msemo wao kwa hili: nunua, kopa, kufa. Katika mirathi inayozidi dola milioni 100, zaidi ya nusu ya thamani ni ongezeko la namna hii ambalo halijawahi kutozwa kodi ya mapato. Kwa sehemu hiyo kodi ya mirathi si ya pili. Ni ya kwanza na ya mwisho.

Ndipo mwaka 2010 unapopendeza. Kodi ya mirathi ilipofutwa, bei mpya ya msingi nayo iliondolewa kwa sehemu kubwa: mrithi alichukua bei ya zamani ya marehemu, na angeweza kuiongeza kwa dola milioni 1.3 tu, pamoja na milioni 3 zaidi kwa mjane. Bilionea Dan Duncan wa Houston alifariki Machi mwaka huo, na mabilioni yake yakapita bila kodi ya mirathi. Lakini familia yenye milioni 3, ambayo mwaka 2009 isingelipa kitu kwa kuwa kizingiti kilikuwa milioni 3.5, ilijikuta ikitafuta risiti za ununuzi wa miaka thelathini nyuma ili ijue itadaiwa nini ikiuza. Desemba Bunge lilirudisha kodi kwa kizingiti cha milioni 5 na kuruhusu mirathi ya mwaka huo ichague utaratibu upi utumike. Tangu hapo kizingiti kimepandishwa zaidi, na bei mpya ya msingi haijaguswa. Kwa tajiri anayepanga mirathi yake, mpango huo mara nyingi ni bora kuliko kufutwa kabisa kwa kodi.

Mwaka 2021 serikali ya Biden ilipendekeza kuibana bei mpya ya msingi kwa ongezeko linalozidi dola milioni 1 kwa mtu, ikiliacha nje shamba la familia linaloendelea kulimwa na warithi. Aliyetokea mbele ya kamera alikuwa mkulima yuleyule. Septemba mwaka huo kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi ilitoa rasimu yake bila kipengele hicho.

Wanaoitetea kodi hii hujibu karibu kila mara kwa takwimu ya mirathi miwili kwa elfu, na ndiyo maana hushindwa. Aliyesema "ilishakatwa kodi" hakuuliza ni wangapi wanaolipa; alisema si haki, na dhuluma haipungui kwa kuwa waliodhulumiwa ni wachache. Mwonyeshe zile hisa za milioni 2 zilizofika 50, kisha muulize zilikatwa kodi lini.