Skana ikisema kuna tobo, bado hujagundua kitu

Wiki hii tena. Mwanafunzi wa fildi kanifuata siku ya pili asubuhi na faili mkononi, uso umechangamka, "dada, nimemaliza." Kazi niliyompangia wiki nzima kwenye maabara yetu ya mazoezi yeye kaimaliza usiku mmoja, maana aliwasha skana, ile programu inayotafuta yenyewe matobo ya usalama kwenye mashine, jioni akaenda kulala, asubuhi akakuta mistari myekundu 41 akaigeuza PDF. Na wala simlaumu peke yake, hii kauli nishaisikia kwa wahadhiri, nishaisikia kwa wateja, nishaisikia mpaka kwa watu wetu wa mauzo: pentesti, yaani kupima usalama wa mfumo kwa kujaribu kuudukua kwa ruhusa, ni kuendesha programu tu, programu inatema matobo, wewe unayabeba unampelekea mteja. Nimeieleza kwa mdomo mpaka basi, acha niandike.

Tuanze na ule mstari aliojivunia kuliko yote. Skana imekuta seva ya wavuti inajitambulisha kuwa inatumia Apache 2.4.6, programu inayohudumia kurasa za wavuti, ikaona hilo ni toleo la 2013, ikamwaga CVE zote, yaani namba rasmi za matobo yanayojulikana, zilizotoka tangu hapo. Ukiitazama inatisha kweli. Ila hiyo mashine inatumia Red Hat Enterprise Linux 7 (RHEL 7), mfumo endeshi wa kampuni ya Red Hat, na Red Hat hawapandishi namba ya toleo kila wanaporekebisha tatizo, wanachukua kiraka, yaani rekebisho la tobo, kutoka toleo jipya wanakishonea kwenye lile la zamani ili programu za watu zisivunjike. RHEL 7 ilitoka Juni 2014 ikiwa na 2.4.6, na mpaka matengenezo ya kawaida yanaisha Juni 30, 2024, bado ilikuwa 2.4.6 ileile. Kinachobadilika ni namba ya kifurushi, ile inayokuja baada ya kistari, na hiyo seva haiitangazi kwa mtu wa nje. Yaani skana imesoma jina lililoandikwa mlangoni, haijaingia kuona kwamba nyumba ilishapigwa lipu upya. Debian, Linux nyingine, nao wanafanya hivohivo, kwa hiyo usiniambie ni jambo la nadra, utakutana nalo karibu kila kazi.

Sasa fikiria anayeipokea hiyo ripoti. Ni msimamizi wa seva, kila mwezi anakesha akiweka viraka, alafu mbele ya bosi wake inakuja karatasi yenye nembo ya kampuni yetu inasema seva yake imeoza. Anafungua terminali, anaandika `rpm -q --changelog httpd`, anaonyesha CVE moja baada ya nyingine ilishazibwa. Kuanzia dakika hiyo hakuna ukurasa wetu atakaouamini, hata ule wenye tobo la kweli, na lile tobo la kweli litabaki wazi kwa sababu sisi tumemchosha mtu kwa kengele za uongo. Hapa ndipo panaponiuma. Watu wanadhani kengele ya uongo ni usumbufu mdogo tu, utaifuta baadaye. Hapana, inaharibu kazi nzima.

Na kuthibitisha sio safari ndefu. Ukiwa na akaunti kwenye hiyo mashine, amri ni hiyohiyo niliyoitaja. Kama huna, mpigie mwenye mashine umuulize. Wanafunzi wengi wanaona kumuuliza mteja ni sawa na kuangalizia kwenye mtihani, wanataka wagundue wenyewe kimyakimya. Mteja hajakulipia ufiche, kama zoezi sio la kupima kama walinzi wake watakuona, uliza.

Alafu kuna upande wa pili ambao ni mbaya zaidi, yale ambayo skana inayapita bila kustuka. Umeingia kwenye mfumo kwa akaunti yako, anwani juu inaishia na namba ya ankara, unabadilisha namba moja tu, inafunguka ankara ya mtu mwingine. Kwa skana hapo hakuna shida, ukurasa umefunguka, jibu ni 200, yaani "sawa" kwa lugha ya seva, inasonga mbele. Haijui ankara ni ya nani, haijui nani anapaswa kuiona. Lazima awepo mtu mwenye akaunti mbili, anayeelewa hiyo biashara inafanyaje kazi, akae ajaribu kwa mkono na Burp Suite, programu ya kunasa na kubadilisha maombi yanayoenda kwa seva, ombi moja baada ya jingine. OWASP, taasisi ya usalama wa programu za wavuti, kwenye orodha yao ya 2021 waliliweka kundi hili la udhaifu namba 1, wakati ile ya 2017 lilikuwa namba 5. Kwa hiyo mtu anayelala wakati skana inazunguka amelala juu ya tatizo lenyewe.

Sasa alama. Mwanafunzi ananionyesha 9.8 kati ya 10, anasema "hii ni kritiko," yaani hatari ya juu kabisa. Ya nani? Alama ya msingi ya CVSS, mfumo wa kutoa alama kwa matobo, inapima ukali wa udhaifu wenyewe, haijui hiyo mashine inashika data ya malipo au inaonyesha tu menyu ya chakula cha mchana, haijui kama imefichwa nyuma ya fayawoli tatu. Mfano ninaowapa kila kundi ni Heartbleed ya 2014, tobo kwenye OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya seva: kwa CVSS ya wakati ule, toleo la 2, ilipata 5.0, yaani ya kati, maana kuvuja kwa kumbukumbu kulihesabiwa kama kuvuja nusu. Kumbe kila ombi moja liliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, na humo zikatoka pasiwedi na hata funguo za siri. Ungepanga kazi kwa kufuata alama tupu ungeiacha ikae foleni.

Na hapa niseme kitu ambacho kwenye vitabu hukikuti. Mimi na mwenzangu wa meza ya pili, tobo lilelile, mteja yuleyule, tunatoa alama tofauti, na kila mmoja anatetea yake kwa hoja. Tunajadiliana mpaka tukubaliane, wakati mwingine anayeshinda ni yule tu asiyechoka kubishana, na hilo linanisumbua. Pia kuna matobo ambayo sikuyathibitisha mpaka mwisho, kwa sababu kuyajaribu kungeweza kuangusha mfumo unaohudumia watu muda huohuo. Naandika "haikuthibitishwa", natoa sababu, naondoka na wasiwasi wangu. Na ripoti isiyo na kitu kikubwa haimaanishi mfumo ni salama, inamaanisha kwa siku tulizolipwa hatukupata.

Kuhusu ruhusa nitapita haraka maana inapaswa kueleweka: hugusi anwani ambayo haimo kwenye skopu iliyosainiwa, yaani orodha ya mashine tulizoruhusiwa kupima, hata moja, hata kama ni ya mteja huyohuyo. Na karatasi kuwepo haitoshi, aliyesaini awe na mamlaka ya kusaini. Marekani, jimbo la Iowa, Septemba 2019, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya mahakama ya kaunti wakiwa na barua ya ruhusa ya mahakama za jimbo. Sherifu wa kaunti hakuitambua, wakawekwa ndani, mashtaka yakaja kufutwa Januari 2020. Wiki yako ya kwanza ya fomu za usiri na mafunzo ya maadili ndiyo sababu yake hiyo, usininunie.

Ripoti sasa. Kampuni kama yetu haiuzi udukuzi, mteja anabaki na ripoti mkononi basi. Hata mtihani wa OSCP, cheti cha pentesti, ambao vijana wengi wanaota kuufanya, unapewa saa 23 na dakika 45 za kudukua, alafu saa 24 nyingine za kuandika na kuwasilisha. Muda wa kuandika ni karibu sawa na wa kudukua! Ila mwanafunzi anakuja anajua amri zote za Nmap, programu ya kukagua mtandao, ukimwambia eleza tobo hili kwa mkurugenzi wa fedha, aya moja, anakwama siku nzima.

Huyu wa wiki hii nimemrudisha kwenye ile mistari yake 41, mmoja mmoja. Mpaka Alhamisi ilibaki 3 iliyosimama, na akapata la nne ambalo skana haikuliona kabisa, lile la namba ya ankara, kalipata mwenyewe kwa akaunti mbili. Leo kaniletea ukurasa mmoja na nusu. Picha za ushahidi ziko sawa, hatua za kurudia ziko sawa, nimezifuata zikanifikisha. Nimemrudishia sehemu moja tu, sentensi ya kwanza, kaanza na jina la skana badala ya kumwambia mteja nani anaweza kuona ankara za nani.