Pranayama kwa wanamichezo chipukizi: inasaidia wapi na inaongezewa chumvi wapi

Makocha wengi wanatuuliza eti hii pranayama, yaani mazoezi ya kupumua ya kwenye yoga, inaongeza stamina kweli, maana vijana wanaona video mtandaoni watu wanahema kwa fujo na wao wanaiga tu. Inasaidia, ila siyo vile wengi wanavyodhani.

Kule India hawajaiachia imani peke yake. Mwalimu wa yoga Swami Kuvalayananda alifungua kituo cha utafiti wa yoga cha Kaivalyadhama kwenye mji wa Lonavla mwaka 1924 akaanza kuipima kimaabara, na mpaka leo watafiti wanawapulizisha wanafunzi wanamichezo kwenye vipimo vya mapafu kabla na baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Namba mara nyingi zinapanda kidogo lakini tusidanganyane, mapafu yenyewe hayajaongezeka ukubwa, kilichopata nguvu ni misuli ya kupumulia, yaani kiwambo na ile ya katikati ya mbavu, na pia mtoto amejifunza kupuliza vizuri. Halafu kwa kijana mwenye afya kinachombana kwenye mbio ndefu ni moyo kusukuma damu zaidi kuliko mapafu, kwa hiyo kocha usije ukafuta mazoezi ya kukimbia ukaweka ya kukaa chini.

Faida ninayoiamini mimi ni kutulia. Chukua anuloma viloma, unaziba pua ya kulia kwa kidole gumba unavuta taratibu kwa kushoto, unaziba kushoto unatolea kulia, unavutia hapohapo kulia unatolea kushoto. Ukivuta sekunde 5 na kutoa sekunde 5 ni pumzi 6 kwa dakika, na kwa mwendo huo mapigo ya moyo yanashuka kila unapotoa pumzi, presha nayo inatulia. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, baada ya mazoezi au usiku wa kuamkia mechi ambapo mtoto anagaragara tu kitandani usingizi hauji. Pua ikiwa imeziba na mafua aache, asilazimishe.

Ninachoogopa ni zile za kasi, kapalabhati na bhastrika. Ukihema haraka haraka unatoa kabonidioksaidi nyingi, na hiyo ndo inayouambia ubongo vuta pumzi, siyo oksijeni kupungua kama watu wanavyofikiria. Ndo maana wengine wanapata kizunguzungu na ganzi kwenye vidole. Sasa muogeleaji akifanya hivyo halafu akazama, oksijeni inaweza kuisha kabla hajasikia hamu ya kupumua, anazimia majini kimyakimya na watu wa pembeni wanadhani anashindana kubana pumzi. Kwa hiyo karibu na bwawa ni marufuku, na kushindana kubana pumzi pia marufuku hata kama ni utani!

Na mzazi mwenye mtoto wa pumu tafadhali, pranayama haichukui nafasi ya inhela, ikae kwenye begi lake la mazoezi na kocha ajue iko mfuko gani.