Mabango ya Poland hayakuwa propaganda tupu

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba msanii wa michoro aliyefanya kazi Poland chini ya serikali ya kikomunisti alikuwa mpiga debe wa chama tu. Si kweli, na maisha ya mchora mabango Henryk Tomaszewski yanatosha kuonyesha hivyo.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1914. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shirika la filamu la serikali lilipomwomba mabango ya sinema, alikubali kwa sharti la kuchora kwa namna yake. Sura za waigizaji zikaachwa, zikaja alama, rangi na herufi za mkono. Mwaka 1948 alizoa tuzo 5 za kwanza kwenye maonyesho ya mabango ya filamu mjini Vienna.

Udhibiti ulikuwepo, hilo halipingiki; mabango yalipita kwa wakaguzi. Lakini tazama bango lake la maonyesho ya Henry Moore, 1959: jina la mchongaji kwa herufi kubwa, na sanamu yake imewekwa juu ya herufi hizo. Chama hakimo kabisa. Mimi hulipenda kuliko yote.

Alifundisha Chuo cha Sanaa cha Warsaw tangu 1952 hadi 1985. Hata Wafaransa walimfuata huko, akiwemo Pierre Bernard, mmoja wa waanzilishi wa Grapus, kundi la wasanii wa michoro la Ufaransa.